Muuza Sweta na Mvua ya Mwadzuwa

Malindi hakuna mtu anayekufa kwa baridi. Gitau aliambiwa neno hili siku ya kwanza alipotandika sweta zake sokoni, akaendelea kuambiwa miaka minane, na lazima tukiri kwamba waliosema walikuwa na ushahidi. Watu wa Malindi walikufa kwa malaria, kwa bahari, kwa nazi iliyoanguka, mara mojamoja kwa mke wa mtu. Kwa baridi, hata mmoja.

Hata hivyo sweta aliziuza. Waliozinunua ni mabawabu wa mahoteli, waliokesha wakiwalinda wageni waliotoka mbali kufuata joto. Ni wapishi waliokwenda likizo bara. Ni mvuvi mmoja wa Ngomeni aliyezeeka mpaka akaacha kuona haya. Wengine wote walipita wakamtupia salamu yao.

"Bwana Baridi, leo theluji itaanguka?"

"Ikianguka utakuja mwenyewe," Gitau hujibu bila kucheka, "na bei itakuwa nyingine."

Hakuwa mtu wa mzaha. Kabla ya Malindi alikuwa mpagazi wa Mlima Kenya miaka sita, akiwabebea mahema na sufuria watu waliolipa fedha nyingi ili wapate taabu ambayo kwao Nyeri ilipatikana bure. Huko aliisoma baridi kama wengine wanavyosoma chuoni, na aliyekubali kuketi kwenye kigoda chake alisomewa na yeye. Baridi haiui kwa barafu, alisema, huua kwa maji na upepo. Mtu mkavu aliyeshiba hulala juu ya barafu akaamka. Mtu aliyelowa, mwenye njaa, upepo ukimkuta kilimani, barafu ya nini tena? Anayetetemeka bado ni wako. Akiacha kutetemeka, ameanza safari. Na akikwambia anasikia joto, mshike, maana huyo keshapiga hodi.

Hilo la mwisho alifundishwa na mpagazi mwenzake, Njoroge, na Njoroge alilifundisha kwa kufa. Mvua ya theluji iliwakuta juu sana, nguo zikashikana na ngozi, na baada ya muda Njoroge akavua koti, akalikunja vizuri kama mtu anayejiandaa kulala, akaketi juu ya jiwe huku akicheka kidogo. Alisema pale pana jua. Wenzake wakacheka naye, kwa kuwa Njoroge alikuwa mtu wa vituko. Walipomaliza kucheka alikuwa amemaliza naye.

Baada ya mazishi Gitau alishuka mlima, akaendelea kushuka, akaipita miji yote iliyokuwa na blanketi madukani, mpaka bahari ilipomzuia. Pale alipozuiwa ndipo alipotandika biashara. Kwamba mtu aliyeikimbia baridi aje kuishi kwa kuuza sweta kwenye joto, hilo yeye hakuliona la ajabu. Alikuwa na ujuzi mmoja tu duniani.

Mke alimpata hapohapo sokoni. Nyevu alikuja kuuza mihogo, akazitazama zile sweta, akauliza kama ni za kuwavisha mbuzi. Mwaka haukwisha wakaoana. Kwao ilikuwa bara ya Kilifi, chini ya kilima cha Mwadzuwa, na huko ndiko Gitau alikompata pia mama mkwe, bibi Kahonzi.

Tunasema alimpata, lakini kumwona hasa hakumwona. Wakikuyu na Wagiriama hawakubaliani hata namna ya kupika maharagwe, ila katika jambo la mkwe walikutana bila kuitisha mkutano: mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye, hamgusi, na kumwona uchi ni balaa ambayo lugha zote mbili hazikupenda kuieleza kwa kirefu. Hata maneno hayakwenda moja kwa moja. Gitau akiwa na la kusema, alilisema kwa mtu wa tatu, na mtu wa tatu akalirudia, ingawa mama mkwe mwenyewe alikuwa ameketi hatua nne kutoka hapo na masikio yake yalikuwa mazima. Miaka saba walizungumza hivyo wakapendana sana. Kahonzi alimwita mkwe wangu mwenye macho ya chini, na hiyo ilikuwa sifa.

Mwaka wa themanini na nne masika yalikuja kama mgeni asiyetaka hata kuketi. Mahindi yalitoka, yakatazama, yakarudi. Kufikia mwezi wa saba watu wa bara ya Kilifi walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na siku nyingine wanalizungumzia tu hilo la kula. Makanisa yaliomba. Misikiti ya mjini iliomba. Ilipoonekana kwamba wote hao hawajasikiwa, wazee walikumbuka kwamba kuna Kahonzi.

Kahonzi ndiye aliyeongoza wanawake wa mvua. Walikuwa saba, wote waliokwisha kuzaa, na kazi yao ilikuwa kupanda Mwadzuwa na kuomba. Dzuwa kwa Kigiriama ni jua, lakini majina hayalazimiki kusema kweli: mwezi wa saba, wakati wa kipupwe, ukungu hukikalia kilima hicho kichwani kama kilemba mpaka adhuhuri, na upepo wa kusi hukipiga bila kizuizi tangu baharini. Masharti yalikuwa ya zamani. Walifunga siku mbili. Walipanda pekupeku, kila mmoja na kaniki moja nyeusi mwilini, bila nguo ya kushonwa, bila moto, bila paa. Wanaume waliishia kwenye jiwe jeupe, chini ya msitu. Na mvua ikija wangali juu, hawakuruhusiwa kuikimbia wala kujikinga, kwa sababu mgeni uliyemwita kwa machozi humfungii mlango. Waliipokea kwa miili yao mpaka kiongozi aseme, "Tumepokea." Hapo ndipo waliposhuka.

Sharti hili la mwisho halikuwahi kumsumbua mtu. Katika kumbukumbu za wote waliokuwa hai, mvua haikuwahi kunyesha siku ileile. Ilikuja baada ya wiki, au mwezi, au haikuja, na wanawake walishuka wakavu kama walivyopanda.

Gitau alifika asubuhi ya siku waliyopanda kilima, kumleta Nyevu na mtoto kuwaona wakwe, akiwa na mfuko wa unga begani na furushi la sweta saba ambazo alitumaini kuzigawa kwa wazee kama zawadi, kwa kuwa hakuwa na zawadi nyingine. Aliwakuta wanawake wamekwishapanda. Akaketi na Dzombo, mjomba wake Nyevu, kaka mdogo wa Kahonzi, mtu mwenye maneno mengi na ndevu chache.

Mvua ilianza kabla ya saa sita.

Haikuanza kwa manyunyu. Ilikuja yote, kama mtu aliyechelewa na anayejua kwamba amechelewa. Watu wakatoka nje wakaachama vinywa juu, wakacheza kwenye tope, wakalia. Dzombo alivua shati akalitupa hewani, likarudi na maji. Gitau peke yake alibaki barazani akikitazama kilima, na kilima hakikuwapo. Wingu lilikuwa limeshuka likakimeza mpaka kwenye jiwe jeupe, na upepo ulikuwa unalisukuma wingu hilo kwa pembeni, na pembeni huko ndiko walikokuwa wanawake saba wasiokula tangu juzi.

Alingoja washuke. Ilipofika saa nane hakuna aliyeshuka. Akamwendea Dzombo, akamuuliza watakaa huko mpaka lini.

Mpaka dadangu aseme, Dzombo akamwambia, na kwamba asiwe na wasiwasi, siku kama hii mtu huitafuta miaka.

"Na asiposema?"

"Kwa nini asiseme? Ana ulimi."

"Baridi huanza na ulimi, mjomba."

Dzombo alimshika bega kwa huruma, kama mtu anavyomshika mgonjwa. "Mkwe," akasema, "hapa si kwenu. Hapa mvua ni maji tu."

Nyevu aliyasikia hayo akiwa mlangoni na mtoto mgongoni. Aliingia ndani akatoka na lile furushi la sweta, amelifunga kwa karatasi ya nailoni, akampa mumewe mkononi. Kisha akawageukia wajomba zake na kuwauliza kwa sauti kubwa kama wamekwishakinga mapipa, nao wakakimbilia mapipa, na Gitau akapata njia.

Wapagazi hujua kwamba kilima kidogo kinachodharauliwa huua kuliko mlima unaoogopwa, lakini kujua hakumsaidii mtu kusimama. Udongo wa Mwadzuwa ni ule mwekundu ambao ukikauka huwa tofali na ukilowa huwa sabuni. Njia yenyewe ilikuwa imegeuka mto, ikashuka ikimpita. Alishika mizizi, ikang'oka. Alianguka kifudifudi, furushi juu, kama mtu anayevuka maji na Msahafu. Kwenye jiwe jeupe alisimama akavua viatu. Aliviweka pamoja, akavielekeza nyumbani, na baadaye hakuweza kueleza kwa nini mtu aliyekuwa anavunja sheria kubwa aliona vyema kuitii ndogo.

Ndani ya wingu hakuona zaidi ya mkono wake. Aliongozwa na sauti. Wanawake walikuwa wanaimba, lakini wimbo ulikuwa unakatikakatika kwa meno.

Aliwakuta kwenye uwazi mdogo juu kabisa, ambako hapakuwa na hata mti wa kuuvunja upepo. Sita walikuwa wamekaa kwa mstari, kaniki zimewaganda, wanatetemeka mpaka mabega yanaruka. Gitau alishukuru alipoona wanatetemeka. Wa saba alikuwa amesimama mbele yao, amewapa mgongo, ameuelekea upepo. Huyo alikuwa ametulia kabisa.

Aliinamisha macho upesi. Akaiona miguu ya huyo tu, myembamba, imepata rangi ya jivu. Mwanamke wa karibu zaidi alikuwa Dorcas, muumini wa kanisa la Vitengeni, aliyekuja kuomba huku kwa kuwa kule alikwishaomba. Gitau akachuchumaa karibu naye.

"Dorcas, mwambie mama aseme tumepokea."

Dorcas alijitahidi kuufunga mdomo ili aweze kuufungua. "Hawe," akaita, kwa maana ndivyo wanavyomwita bibi, "mkweo anasema, useme tumepokea."

Kahonzi hakugeuka. "Nani?"

"Gitau. Mume wa Nyevu."

"Nyevu hajaolewa," Kahonzi akasema. Maneno yalimtoka mazito, kama mtu anayeongea na tonge kinywani. "Nyevu ana miaka minne. Mwambieni asiende kisimani."

Sita wale wakatazamana. Mmoja akasema polepole kwamba wameanza kuja, akimaanisha wale wanaokuja kusema kwa vinywa vya watu.

"Mwambie mama nimeleta nguo kavu," Gitau akasema, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imepanda. "Mwambie avae. Mwambie sasa hivi."

"Hawe, mkweo ameleta nguo kavu."

"Nguo za nini?" akauliza Kahonzi, akacheka kidogo. "Na joto lote hili."

Wanawake wakapiga vigelegele. Walipiga kwa midomo iliyokufa ganzi, lakini walipiga, kwa sababu ishara ilikuwa wazi: mtu anayesikia joto kwenye mvua ile hakuwa peke yake mwilini. Kahonzi akaanza kuifungua kaniki kifuani. Vidole havikumtii, naye hakuwa na haraka.

Na hapo Gitau akafanya jambo ambalo mtu mwenye adabu hulifanya bila kufikiri. Alimpa mgongo.

Alisimama akautazama ukungu. Nyuma yake wimbo ulibadilika, ukawa ule wa kumkaribisha mgeni. Akasikia nguo iliyolowa ikianguka. Alijua kila kitu. Hapakuwa na mtu mwingine kati ya Malindi na Kilifi aliyejua alichokijua, na ujuzi huo wote alikuwa ameugeuzia kisogo. Alijiambia kwamba Dorcas atamfunika. Alijiambia amwite Nyevu, binti anaruhusiwa, binti ni mkavu, binti ana joto. Akahesabu kushuka na kupanda, akaona ni mwendo wa saa mbili. Alijiambia asubiri wimbo uishe. Wimbo uliisha, wakaanza mwingine, akausubiri na huo. Mvua ilimpiga usoni naye akaiacha, maana ilimpa sababu ya kufumba macho.

Kisha akasikia mtu akiketi chini na kupumua kwa raha, kama aliyefika kivulini baada ya shamba.

"Hapa pana jua," akasema Kahonzi.

Gitau akageuka.

Tusimwongezee ushujaa. Aliyafanya mambo yote kwa uchungu na kwa pupa, huku akilia kwa Kikuyu. Alivua shati lake na fulana yake. Alimvuta mama mkwe wake, kama alivyozaliwa, akamweka mgongoni pake ngozi kwa ngozi, kwa kuwa hakuna moto mwingine uliokuwapo kwenye kilima hicho. Akamfunga kwa ile kaniki kama mtoto anavyofungwa, akaivuta sweta nyekundu juu ya wote wawili mpaka ikachanika kwapa. Zilizobaki akawatupia wanawake. Wimbo ulikuwa umekatika. Mmoja alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

"Tumepokea," Gitau akawaambia. "Shukeni."

Hakuna aliyeinuka. Neno lilikuwa sahihi ila mdomo haukuwa wake. Mwanamume, mgeni, na tena katika hali ile. Walikuwa tayari kubaki. Dorcas akawatazama wenzake watano, akamtazama Kahonzi, ambaye kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya bega la mkwe na midomo haijatikisika.

"Mimi nimemsikia," akasema Dorcas. "Amesema mwenyewe, tumepokea. Ninyi hamkusikia?" Akasimama, akavaa sweta ya kijani. Basi wengine nao wakakumbuka kwamba wamesikia.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, kama kulivyo siku zote, jambo ambalo wapanda milima hulisahau wakifika juu. Alianguka mara tatu, zote akaangukia magoti na mikono ili mgongo ubaki salama. Kahonzi alikuwa mwepesi. Mizigo ya Wazungu ilikuwa mizito kuliko yeye. Mwanzo alisema maneno mawili matatu. Alimwomba amshushe, jua ni kali. Akamwita kwa jina la mtu aliyekufa zamani. Pumzi yake ilimgusa shingoni, baridi, kisha mbali, kisha akaingoja.

Ili asilale, Gitau akazungumza naye. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba kumsemesha bila mtu wa tatu, na alipoanza hakuweza kuacha. Alimweleza habari za mtoto na jino lake la kwanza. Alimwambia kwamba yule kuku aliyewapikia siku ya sikukuu alikuwa mgumu lakini walimsifu. Alimwambia habari za Njoroge, ambazo hata Nyevu hakuzijua zote. Alimwambia, mama, usilale, mama, tumefika kwenye jiwe, unaviona viatu vyangu? Akavipita viatu. Alizungumza mpaka kwenye mashamba, mpaka kwenye ua, na wakati fulani kati ya jiwe na ua alikuwa anazungumza peke yake. Wapi hasa, hakujua. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote: mtu aliyejua ishara zote, na ile ya mwisho ikampita.

Uani walikuwa bado wanacheza. Waliokuwa mbele waliwaona kwanza, wakaacha. Wa nyuma wakaendelea kidogo kwa kuwa ngoma haikuwa imeambiwa. Dzombo aliyaona yote mara moja: dadake, mkwewe bila shati, sweta moja iliyochanika kwapa juu ya wote wawili, kaniki iliyowafunga pamoja. Akageuza uso ukutani. Nyevu alimpa mtu mtoto, akaja, akaivua ile sweta, akaifungua ile kaniki kwa mikono yake, akamlaza mamake barazani na kumfunika. Hakumtazama mumewe. Hata yeye alikuwa na macho ya chini siku hiyo.

Mganga wa zahanati alikuja kesho yake akasema moyo, neno ambalo halimkosi mtu yeyote aliyekufa. Wazee walikaa vikao vitatu, wakaamua vinginevyo. Mmoja wao aliuliza, kwa haki kabisa, kama kuna mtu anayeweza kumtaja Mgiriama mmoja aliyewahi kufa kwa baridi. Walifikiri sana wakamkosa. Basi ikabidi iwe aibu. Kahonzi alikufa kwa aibu, mgongoni mwa mkwewe, baada ya kufanya kazi yake vizuri kuliko kiongozi yeyote aliyemtangulia. Mbuzi alichinjwa kuusafisha ua. Gitau aliambiwa, bila ukali, asikanyage tena pale. Hakubisha. Alitaka kusema kwamba alichelewa, kwamba alisimama nyimbo mbili amempa mgongo, na kwamba kosa lake lilikuwa hilo. Lakini katika yote aliyoyafanya siku ile, hizo nyimbo mbili ndizo pekee ambazo wazee walimsifu.

Mvua ilinyesha siku tisa. Watu waliiita mvua ya Kahonzi, wakapanda, wakavuna, na mahindi yalikuwa mazuri.

Wanawake sita walipona wote, na sweta hawakuzirudisha. Kipupwe kilichofuata ungeweza kuwaona kisimani alfajiri, vikongwe watano kwa sweta za rangi zote, na Dorcas na yake ya kijani, na mtu akiwauliza wamezitoa wapi, wanasema ni mitumba.

Gitau alirudi sokoni. Waliompitia hawakumwuliza tena habari za theluji. Hadithi ilikuwa imefika mjini kabla yake, na ilikuwa hadithi ya namna nyingine. Nyevu alibaki naye. Kwao alikwenda peke yake na mtoto, akarudi, hakusimulia. Karibu mwaka mzima walizungumza habari za unga, za mafuta ya taa, za jino la mtoto, mpaka asubuhi moja ya mwezi wa saba, wanafungua furushi jipya pamoja, Nyevu akachukua sweta nyekundu, akaikunjua, akaitazama kwapa.

"Mama alisikia baridi?" akauliza.

Gitau alikuwa mtaalamu. "La," akasema. "Alisikia joto. Aliniambia mwenyewe."

Nyevu akaitikia kwa kichwa. Akaikunja ile sweta, mkono juu ya mkono, akaiweka chini kabisa ya furushi, na alipokuja mteja kuuliza kama kuna nyekundu, akasema hakuna.